Nyumba N-07

Nikiulizwa nimekuwa nikisoma nini miaka yote hii, hujibu "mitandao ya kompyuta". Hilo ni jibu la mwaka 2019, nilipoacha zamu za usiku kwenye kampuni moja ya intaneti hapa Dar es Salaam nikarudi chuo kufanya shahada ya uzamivu. Tasnifu niliyokuja kuitetea bado ina neno "mtandao" kwenye kichwa chake, lakini zaidi ya nusu ya kurasa zake zinahusu nani anamwamini nani, na nini kinatokea kwa data za watu walioniamini mimi. Nimeona niandike nilivyofika huko, kwa sababu wadogo zangu wawili kazini wanataka kuanza safari hiyohiyo na wananiuliza maswali ya ruta tu, vile vifaa vinavyoelekeza data njia.

Swali la mwanzo lilikuwa la ruta kweli. Kwa nini pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, inayotoka Mwananyamala kwenda kwenye seva iliyopo jiji hilihili inapitia London?

Jioni moja nilikaa barazani kwa mama na kompyuta mapajani, nikaituma pakiti kwenye seva ya taasisi moja ambayo kwa daladala, foleni ikiwa ya kawaida, unafika kwa dakika arobaini. Unaweza kuiomba kila ruta iliyopo njiani ijitambulishe. Ya kwanza ikajibu, ya pili, ya tatu, zote za hapahapa. Ya nne ikakaa kimya. Ya tano ikajibu kutoka London. Kisha safari ikageuka, ikapita tena chini ya bahari hadi Dar es Salaam. Milisekunde 190 kwenda na kurudi, wakati kwa kebo ya moja kwa moja zisingefika hata tano. Nikarudia mara ishirini. London, kila mara London.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Kampuni mbili zinazouza intaneti mtaa mmoja zisipounganishana hapa nyumbani, trafiki yao, yaani data zinazosafiri, itakutana kule ambako kila moja inanunua njia ya kwenda duniani. Dar es Salaam ina kituo cha kubadilishana trafiki, TIX, tangu 2004. Nairobi walitangulia: chao kilifunguliwa Novemba 2000, kampuni ya simu ya taifa ikalalamika kwamba haki yake imeingiliwa, mamlaka ya mawasiliano ikaamuru kifungwe ndani ya wiki chache tu, na hakikufunguliwa tena hadi Februari 2002. Vifaa vilikuwepo muda wote huo. Wahandisi waliojua kuviunganisha walikuwepo. Nilisoma historia ile mara mbili, nikaandika pembeni ya daftari: "Hapa hakuna tatizo la kebo."

Nikaanza kuangalia ruta za kampuni tofauti zinavyopeana habari. Hutumia itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, iitwayo BGP, ambayo Kirk Lougheed na Yakov Rekhter waliichora mwaka 1989 kwenye karatasi za kufutia mikono, wakiwa kwenye chakula cha mchana. Wakati ule waliounganishwa walikuwa wachache na wengi wao walifahamiana. Ruta inamwambia jirani yake: anwani hizi zinafikika kupitia kwangu. Jirani anaamini, naye anawaambia majirani zake. Ndani ya dakika chache dunia nzima imesikia. Ushahidi hauombwi.

Tarehe 24 Februari 2008 ilionyesha maana yake. Pakistan ilikuwa imeamuru YouTube ifungiwe nchini humo. Kampuni ya simu ya Pakistan ikatangaza ndani ya mtandao wake kwamba anwani 256 za YouTube ziko kwake, ili zipotelee hapo. Tangazo hilo likavuja hadi kwa kampuni ya Hong Kong iliyokuwa ikiwauzia njia ya nje, nayo ikalipitisha duniani bila kuuliza. YouTube wenyewe walikuwa wanatangaza fungu la anwani 1,024, na kanuni ya ruta ni kwamba tangazo lililo mahsusi zaidi ndilo linalofuatwa. Ni kama barua ya duka la Mtaa wa Kongo: tarishi mmoja akisema "Kariakoo yote naipeleka mimi" na mwingine akasema "Mtaa wa Kongo naupeleka mimi", barua anapewa wa pili, hata kama hajawahi kufika huo mtaa. Kwa zaidi ya saa mbili watu wa mabara mengine kabisa waliotafuta YouTube walipelekwa Pakistan, na huko hapakuwa na kitu.

Mimi niliishuhudia kwa udogo wake nikiwa zamu. Mteja mmoja wa kampuni niliyofanyia kazi alitangaza anwani zisizo zake, ruta yetu ikazipokea na kuzipitisha, na kwa dakika kumi na saba tulikuwa tunameza trafiki ya watu ambao hata sikujua ni wa nchi gani. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mtu aliandika tarakimu moja vibaya saa nane usiku. Nilipoirekebisha nilikaa nikitazama ukuta kwa muda mrefu.

Tiba iliyopo inaitwa RPKI, na misingi yake ilichapishwa mwaka 2012. Mwenye anwani anaandika hati yenye saini ya kidijitali kwamba anwani zake zitangazwe na mtandao fulani tu, na mamlaka ya hati hiyo inatoka kwa msajili wa anwani wa kanda. Kwa Afrika ni AFRINIC, iliyopo Mauritius. Ruta inayojali inalinganisha tangazo na hati, na lisipolingana inalitupa. Nimetumia mwaka mzima na nusu kwenye jambo hili na ninalipenda, ila lina mpaka. Hati inasema nani ana haki ya kuwa mwanzo wa njia. Haisemi lolote juu ya waliopo katikati. Na yenyewe inasimama juu ya mtu mwingine wa kumwamini, yaani msajili. Je, akikosea yeye?

Swali hilo lilishajibiwa kwa uchungu upande wa vyeti vya tovuti. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia DigiNotar, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa inatoa vyeti vinavyokihakikishia kivinjari chako kwamba tovuti uliyofungua ndiyo kweli. Wakajitengenezea mamia ya vyeti bandia, kimoja cha Google, na kikatumika kuwachungulia watu wa Iran waliodhani wanasoma barua pepe zao kwa siri. Kampuni ilifilisika mwezi Septemba mwaka huohuo. Kilichofuata ndicho kilichonishika: wahandisi wakapendekeza kila cheti kinachotolewa kiandikwe kwenye daftari la wazi ambalo yeyote anaweza kulikagua. Daftari hilo limejengwa kwa mti wa alama, yaani namba fupi zinazokokotolewa kutokana na maandishi yenyewe, ambao Ralph Merkle aliubuni miaka ya 1970: ukibadilisha mstari mmoja tu, hata wa miaka mitatu iliyopita, alama ya juu kabisa inabadilika, na wote walioinakili wanajua kwamba daftari limechezewa.

Nilikuwa nasoma jambo hilo Jumapili mchana, barazani palepale. Na mbele yangu mama yangu alikuwa anafanya kitu hichohicho.

Mama ni kijumbe. Mchezo wao una wanawake kumi na wawili, kila mmoja anatoa elfu ishirini kwa wiki, na zamu ilipangwa kwa kura. Kila Jumapili, saa kumi jioni, anafungua kaunta buku lake na kusoma kwa sauti tangu juu ya ukurasa: nani alipokea wiki ya kwanza, nani ya pili, nani ya tatu, hadi ya leo. Nilikuwa nimesikia usomaji ule tangu utotoni na nikiuona ni wa kupoteza muda, maana wote wanajua. Siku ile nikaelewa kwamba ndiyo sababu anasoma. Wakisikia wote kila wiki, hakuna wa kuja kubadilisha mstari wa wiki ya tatu, hata yeye mwenyewe kijumbe hawezi. Hawamwamini kwa sababu ni mtu mzuri tu. Wanamwamini kwa sababu wanasikia.

Nikamwambia, "Mama, hii ndiyo sura yangu ya nne." Akacheka, akaendelea kuhesabu noti.

Wenzake walipoondoka, alitoa kijidaftari kingine kidogo chini ya nguo za kabati na kuandika mistari miwili. Nikauliza ni cha nini. Akasema ni cha waliochelewa: nani hakuwa na pesa wiki hii, kwa sababu gani, na ameahidi lini. Nikauliza kwa nini hicho hakisomwi.

"Zamu ni ya wote, mwanangu," akasema. "Shida ni ya mtu. Hii ni amana."

Nilicheka kwa furaha, nikaandika neno amana kwenye ukurasa, nikaenda kulala. Ilinichukua mwaka mwingine kuelewa alichokuwa ananiambia, na aliyenifundisha hakuwa yeye.

Ili kupima njia za pakiti nilihitaji kutazama kutoka majumbani mwa watu. Nikanunua kompyuta ndogo za Raspberry Pi, nikaziweka kwenye visanduku vya plastiki, na kuzipeleka kwenye nyumba thelathini na nne: Mwananyamala, Sinza, Mbagala, Tandika. Kila kisanduku kinachomekwa kwenye ruta ya nyumbani na kila dakika kinatuma pakiti, kinahesabu muda wa jibu, kinaniletea namba. Hakisomi meseji wala hakioni tovuti mtu aliyofungua. Niliwaambia hivyo wenye nyumba, nikawapa fomu ya ridhaa, kurasa nne za Kiingereza zenye muhuri, wakasaini. Kila nyumba nikaipa namba badala ya jina. Nilijiona nimetimiza kila kitu.

Sasa fikirini namba moja kila dakika kwa miezi kumi na nne inasema nini. Muda wa jibu hupanda nyumba ikitumia intaneti sana, hushuka wakilala. Nikajua nyumba ipi inalala saa nne na ipi inakesha. Mwezi wa Ramadhani nikaona mistari ikipanda saa kumi usiku katika baadhi ya nyumba, wakati wa daku, na katika nyingine ikabaki imelala. Kwa hiyo nilikuwa nimekusanya dini za watu bila kuuliza. Niliona pia jambo jingine, na nilijivunia kuligundua: umeme ukikatika mtaani, visanduku vyote vya mtaa huo vinazimika pamoja, kisanduku kikizimika peke yake, majirani wakiwa wanawaka, maana yake LUKU, umeme wa kulipia kabla, imeisha.

Nilitengeneza grafu nzuri sana ya jambo hilo. Mwaka 2022 niliionyesha kwenye semina ya idara, na baadhi ya wenye visanduku nilikuwa nimewaalika. Kwenye skrini kulikuwa na nyumba N-07: mstari wa kijani wiki tatu mfululizo, kisha kuanzia tarehe ishirini na nne hivi unakatika jioni, unarudi, unakatika siku mbili, hadi mwisho wa mwezi. Mwezi uliofuata hivyohivyo. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza kitu cha kuvutia, kwamba kutokana na muda wa jibu tu tunaweza kukadiria hali ya kipato ya kaya. Watu wakapiga makofi.

Baada ya semina mama mmoja wa makamo, mwalimu wa shule ya msingi, alinisubiri karibu na mlango. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia. Kisha akauliza kwa sauti ya chini sana:

"Mwanangu, ile namba saba ni kwangu?"

Sikuweza kumdanganya, wala sikuweza kusema ndiyo.

"Nimeijua kwa tarehe," akasema. "Hata mtoto wangu aliye Mwanza hajui. Angejua angekuwa anajinyima anitumie. Sikujua kama wewe unaona."

Nikaanza kusema kuhusu fomu, ukurasa wa tatu, aya inayotaja data za upatikanaji wa huduma. Akaninyanyulia kiganja, bila ukali. "Sikuisoma hiyo. Nilisaini kwa sababu ni wewe."

(N-07 si namba yake halisi, na nimebadilisha mambo mawili matatu. Mwenyewe ameyasoma maandishi haya kabla yenu na kukata sentensi mbili.)

Usiku ule nilikumbuka kabati la mama. Nilikuwa nimekisoma kijidaftari kidogo kwa sauti, mbele ya watu.

Nilichokisoma baadaye kilinionyesha kwamba namba badala ya jina ni kinga dhaifu. Mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichapisha uchambuzi wa simu za watu milioni moja na nusu kwa miezi kumi na tano: ukijua sehemu nne tu na nyakati mtu alizokuwepo hapo, unaweza kumtambua kati ya wote, kwa watu 95 kati ya 100. Nne! Mimi nilikuwa na dakika za miezi kumi na nne. Hata hivyo sikutaka kuangukia upande wa kusema data zote zichomwe. Karibu na nyumbani kuna utafiti wa mwaka 2009 uliotumia rekodi za simu za wateja 770,369 wa kampuni ya simu ya Zantel, za miezi mitatu, kukadiria malaria inaingiaje Zanzibar kutoka bara. Ulionyesha kwamba wengi mno wa waliovuka walikwenda upande wa Dar es Salaam na kukaa chini ya siku tano. Hilo ni jambo la kumsaidia mtu anayepanga kutokomeza malaria kisiwani, na hakuna dodoso lingelipata kwa wingi ule. Data hizo zina faida ya kweli. Swali ni zinakaa kabati gani.

Kiswahili kilinisaidia kufikiri kuliko nilivyotarajia. Kuamini, imani, uaminifu, amana: shina moja. Nilikuwa nimeandika sura tatu nzima kuhusu kuamini, yaani ruta iamini nini na kwa ushahidi gani. Amana ni upande wa pili, wa yule aliyepewa. Mwenye amana hawezi kuitumia kwa jambo jingine kisa ipo mikononi mwake, na mwenyewe akiitaka anaidai siku yoyote. Niliipeleka hoja hiyo kwa msimamizi wangu nikiogopa ataiona si sayansi ya kompyuta. Akaniuliza swali moja: "Itabadilisha mstari gani wa programu yako?" Ni swali bora nililopata kuulizwa chuoni.

Ilibadilisha karibu yote. Nilifuta dakika zote za nyumba thelathini na nne, na kwa hiyo nikapoteza nusu ya sura. Badala ya kila dakika, kisanduku kipya kinajiuliza mara moja kwa siku, saa tatu usiku: je, jibu kutoka seva fulani limechelewa kupita milisekunde 100? Hata hilo hakiniambii moja kwa moja. Kinarusha sarafu kwanza. Kikipata kichwa, kinasema kweli. Kikipata mwenge, kinarusha tena na kujibu ndiyo au hapana kwa sarafu hiyo ya pili. Wazo la mbinu hiyo ni la Stanley Warner, mwaka 1965, aliyetaka watu waweze kujibu maswali ya aibu bila kuumbuka. Cynthia Dwork na wenzake mwaka 2006 walikuja kuipa kazi ya namna hii hesabu za kuthibitisha ulinzi wake. Nikipokea "ndiyo" kutoka nyumba moja, siwezi kujua ni kweli au ni sarafu. Nikizipokea zote kwa pamoja, hesabu ya nusu kwa nusu inaondolewa na picha ya jiji inabaki. Kisanduku kikikosa umeme, kinapowaka kinahesabu saa ile kama ya utulivu, nayo inapitishwa kwenye sarafu, ili kuzimika kusionekane. Majibu yanakuja mara moja kwa wiki. Na kwa kuwa ukirudia swali siku nyingi mno sarafu nayo inaishiwa nguvu, kila nyumba inashiriki wiki chache kisha inapumzishwa.

Gharama yake si ndogo. Kwa nyumba thelathini na nne kosa la makadirio lilikuwa kama asilimia 17, namba isiyofaa kwa lolote. Ilibidi nitafute nyumba 140 ili lishuke hadi kama asilimia 8, na nyumba mia na zaidi nilizitafuta kwa miguu, nikiwa na fomu mpya ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yenye mstari usemao kisanduku kinaona nini na mwingine usemao hakioni nini. Wakati huo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilikuwa imeshaanza kutumika, tangu 1 Mei 2023, na baadhi ya watu waliniuliza kuhusu haki yao ya kufutiwa data. Niliyapenda maswali yale.

Mwalimu wa N-07 alikuwa wa kwanza niliyemfuata. Aliisoma fomu kwa miwani, neno kwa neno, akanirudishia mara mbili kuuliza. Kisha akafungua pochi, akatoa sarafu ya mia mbili. "Irushe nione." Tuliirusha mezani kwake mara kumi, tukaandika kwenye kipande cha karatasi, hadi akaridhika kwamba hata mimi nikiwa nimekaa mbele yake sijui lipi la kweli. Akachomeka kisanduku mwenyewe.

Jumapili ya 12 Mei 2024 mikongo ya intaneti ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadhoofika kwa siku kadhaa. Kwa mtafiti wa mitandao ni siku ya kungojewa miaka. Picha ilipokuja wiki iliyofuata, pamoja na sarafu zake zote, ilikuwa wazi: seva zilizounganishwa hapahapa jijini ziliendelea kujibu, na zile za jiji hilihili zinazopitia London zilipotea pamoja na London. Sikuhitaji kujua nani amelala saa ngapi ili kuliona hilo.

Jioni ya siku ile ya kukatika, mwalimu alinipigia.

"Mwanangu, nasikia mtandao umekufa nchi nzima. Kisanduku chako kinaonaje?"

"Bado sijui, mama. Majibu yanakuja Jumapili ijayo."

"Na cha kwangu je, kinawaka?"

"Sikioni, mama. Siwezi kukiona."

Akanyamaza kidogo.

"Hakiwaki," akasema. "LUKU imeisha tangu jana."